Sukari Inaposhuka Yenyewe: Ini Lililosinyaa na Kisukari

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya kisukari. Leo tunataka kuzungumza juu ya kisukari kinapokutana na ugonjwa wa ini ndani ya mtu mmoja. Familia nyingi zinazofika wodini kwetu zinaijua sukari, lakini ini haziijui kazi yake.

Tuanze na mama mmoja wa kando ya Ziwa Victoria, mwenye umri wa miaka 58. Alikuwa na kisukari kwa miaka 12, akimeza glibenklamidi asubuhi na jioni, na kila mwezi alifika kliniki bila kukosa. Kwa muda mrefu sukari yake ya asubuhi ilikuwa 11 au 12. Kisha ikaanza kushuka yenyewe: 8, halafu 6, halafu 5. Sisi wauguzi tulimpongeza. Naye alifurahi, akawaambia wenzake kwamba kisukari chake kinapona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini gauni lilikuwa likimbana tumboni huku mikono yake ikikonda.

Alfajiri moja mwanawe alimleta kwa pikipiki, wamemfunga kwa kanga asianguke. Jasho lilikuwa likimtiririka na maneno yake hayakueleweka. Nyumbani baadhi ya majirani walikuwa wamekwisha kusema kwamba amerogwa. Tulipima sukari, tukakuta 1.9. Tulimpa dawa ya sukari katika mshipa, na baada ya dakika chache akatutazama na kuuliza yuko wapi. Siku hiyo ndipo tulipompapasa tumbo vizuri, tukakuta limejaa maji. Ini lake lilikuwa limesinyaa. Sukari ilikuwa imeshuka kwa sababu ini lilikuwa linachoka, wala kisukari hakikuwa kimepona.

INI NI GHALA LA MWILI

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Lipo upande wa kulia, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi, lakini kwa leo tukumbuke tano.

Kwanza, ini ni ghala la sukari. Tukila, linaweka akiba. Tukilala au tukikaa na njaa, linaitoa akiba hiyo kidogo kidogo. Pili, linasafisha damu inayotoka matumboni, likiondoa sumu na mabaki ya dawa. Tatu, linatengeneza albumini, ambayo ni protini inayoyazuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Nne, linatengeneza vitu vinavyoifanya damu igande tunapojikata. Tano, linatoa nyongo na kuondoa rangi ya manjano iliyomo katika damu.

Ukizishika kazi hizi tano, utaelewa dalili zote za ugonjwa huu, maana kila dalili ni kazi mojawapo iliyolishinda ini.

INI HUSINYAAJE?

Mtu akiungua moto, kidonda hupona na kuacha kovu. Ini nalo likiumizwa mwaka baada ya mwaka hujaa makovu. Likawa gumu, lenye vinundu, na mwishowe husinyaa. Hali hii ndiyo madaktari wanayoiita sirosisi.

Vitu vinavyoliumiza ini ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pombe, na mafuta yanayojazana ndani ya ini, hasa kwa watu wenye kisukari na wenye unene wa kupita kiasi. Maana yake ni kwamba kisukari chenyewe kinaweza kuwa njia ya kufika kwenye ugonjwa wa ini. Kwetu sisi wa kando ya ziwa kuna pia kichocho cha tumbo. Hicho huweka makovu ya namna nyingine kwenye mishipa ya ini, nacho pia huweza kumfanya mtu atapike damu.

Tunaomba jambo moja lieleweke. Si kila mwenye ini lililosinyaa ni mlevi. Yule mama hakuwahi kuonja gongo wala bia maishani mwake. Tulipompima tulikuta ana virusi vya homa ya ini B. Lakini kwa majuma kadhaa mume wake aliona haya kusema mkewe anaumwa nini, kwa kuogopa maneno ya watu. Aibu ya namna hiyo huwachelewesha wagonjwa wengi.

Ini likiwa gumu, damu inayotoka matumboni inashindwa kupita. Ni kama maji ya mvua yaliyokuta kalvati limeziba: yatatafuta njia ya pembeni. Damu hujipenyeza katika mishipa midogo ya umio, yaani njia ya chakula, nayo hutanuka mpaka siku moja inaweza kupasuka. Wengu huvimba. Maji huvuja na kujaa tumboni.

NGAZI ZA UGONJWA

Mgonjwa anaposikia kwamba ini lake limesinyaa, mara nyingi hudhani amekwisha kuhukumiwa kifo. Sivyo. Swali la kumwuliza daktari ni hili: "Ini langu bado linafanya kazi kiasi gani?"

Kuna watu ambao ini lao lina makovu, lakini sehemu iliyobaki bado inatosha. Hao huweza kuishi miaka mingi, wakilima na kulea wajukuu. Na kuna ambao ini lao limekwisha kushindwa. Tunawatambua kwa dalili nne: maji tumboni, macho ya manjano, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, na kuchanganyikiwa akili. Yeyote aliyepata hata moja kati ya hizi, ugonjwa wake umevuka mto.

Ili kupima vizuri zaidi, madaktari hutumia hesabu iliyoanzishwa mwaka 1964 na wapasuaji wa Marekani, Child na Turcotte, kisha ikarekebishwa mwaka 1973 na Pugh na wenzake wa London. Huangalia mambo matano: bilirubini, yaani ile rangi ya manjano katika damu, albumini, muda wa damu kuganda, maji tumboni, na hali ya akili. Kila jambo hupewa alama 1 likiwa jema, 2 likiwa la wastani, na 3 likiwa baya. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A. Jumla ya 7 hadi 9 ni daraja B. Jumla ya 10 hadi 15 ni daraja C, ambalo ni hatari kubwa.

Tuchukue mfano wa yule mama. Alipolazwa, maji yake tumboni yalikuwa kiasi, alama 2. Bilirubini ilikuwa kati ya 34 na 50, alama 2. Albumini ilikuwa kati ya 28 na 35, alama 2. Damu yake iliganda vizuri, alama 1. Baada ya sukari kurudi, akili yake ilikuwa timamu, alama 1. Jumla ni 8, yaani daraja B.

Alama hizi huweza kupanda, lakini huweza pia kushuka. Mlevi akiacha pombe kabisa, au mwenye virusi vya B akimeza dawa yake kila siku, ini huweza kupata nafuu kubwa hata kama makovu hayaondoki yote. Homa ya ini aina ya C siku hizi hutibika kwa vidonge, kwa kawaida katika miezi mitatu hivi. Kwa hiyo ukiambiwa daraja lako, liulizie tena baada ya miezi kadhaa.

Hospitali kubwa hutumia pia hesabu nyingine iitwayo MELD, inayoanzia 6 na kuishia 40. Hii huangalia damu pamoja na kazi ya figo, na husaidia kuamua nani anahitaji kupandikizwa ini kwanza. Namba ikiwa kubwa, hatari nayo ni kubwa.

KISUKARI KINAPOINGIA

Ini linapoanza tu kusinyaa, sukari kwa kawaida hupanda, hasa baada ya kula, kwa kuwa ghala halipokei vizuri. Asubuhi kabla ya chakula inaweza kuonekana njema. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa ini apimwe pia saa mbili baada ya kula.

Lakini ugonjwa ukisonga mbele mambo hugeuka. Ghala ni tupu, na usiku hakuna akiba ya kutoa. Insulini na vidonge vya sukari, ambavyo ini lilizoea kuviondoa, hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mgonjwa naye anakula kidogo kwa sababu tumbo limejaa maji. Dozi ileile iliyomfaa miaka mitano iliyopita sasa inaweza kumwua usingizini.

Hata kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu huweza kudanganya. Chembe nyekundu za damu za mgonjwa huyu hazidumu muda wa kawaida, hivyo kipimo husoma chini kuliko ukweli. Afadhali kupima kidoleni mara kwa mara na kuandika katika daftari.

Basi, ndugu msomaji, sukari yako ikianza kushuka yenyewe bila kubadili chakula wala dawa, usishangilie kwanza. Mwombe daktari akupime ini na figo.

AKICHANGANYIKIWA, TUFANYE NINI?

Mwenye magonjwa haya mawili huweza kuchanganyikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sukari kushuka. Hii huja ghafla, katika dakika chache, na mara nyingi kwa jasho, kutetemeka na njaa. Ya pili ni sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa, zikapanda kichwani. Hii huja polepole: mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, anasahau, anakasirika ovyo, mwandiko unaharibika, na akinyosha mikono mbele viganja vinapepea kama mbawa.

Nyumbani huwezi kutofautisha kwa uhakika. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Kama kuna kipimo cha kidoleni, pimeni mara moja. Ikiwa chini ya 4, au kama kipimo hakipo, mpeni sukari. Vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji vinatosha, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Kama sukari haikuwa imeshuka, kiasi hicho hakitamdhuru kwa siku moja. Kama imeshuka, mmemwokoa.

2. Rudieni baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu. Akizinduka, mpeni chakula, kama uji au kiazi.

3. Asiyeweza kumeza msimmiminie kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, mpakeni sukari kidogo au asali ndani ya shavu, na mkimbizeni hospitali.

4. Hata akizinduka, mleteni siku hiyo hiyo. Sukari iliyoshushwa na vidonge huweza kushuka tena baada ya saa chache.

Yule mama alichanganyikiwa tena miezi minne baadaye. Safari hii mkwewe hakungoja majirani waseme. Alipima, akakuta 9, akamleta. Kumbe mama hakuwa amepata choo kwa siku nne, na sumu zilikuwa zimelundikana. Tulimpa laktulosi, ile dawa tamu ya maji inayolainisha choo, na siku ya pili akawa anatuulizia habari za watoto wetu. Tangu hapo hutakiwa kupata choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kila asubuhi mjukuu wake humwandikisha jina lake katika daftari la shule, na mwandiko ukianza kuyumba wanajua.

CHAKULA

Tulipokuwa chuo cha uuguzi tulifundishwa kuwanyima wagonjwa wa ini nyama na mayai, ili wasichanganyikiwe. Siku hizi tunajua kwamba tulikuwa tukiwakondesha bure. Misuli ikiisha, mgonjwa huzidi kudhoofika, na misuli yenyewe husaidia kuondoa sumu. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini gramu 72 hadi 90 kwa siku. Mpeni maharage, mayai, maziwa, samaki na dagaa wasio na chumvi.

Ugali, viazi na ndizi ale kwa kipimo, pamoja na mboga, ili sukari isipande ghafla. Asikae mchana zaidi ya saa nne bila kula kitu. Na kabla ya kulala ale tena: kikombe cha uji wa ulezi wenye maziwa, au kiazi kitamu kimoja na maziwa. Usiku mmoja wa njaa kwa ini lililosinyaa ni kama siku mbili tatu za njaa kwa mtu mzima wa afya.

Chumvi ndiyo inayovuta maji tumboni. Isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa siku nzima, pamoja na ile iliyopikiwa. Kayabo na vikolezo vya mchuzi vya paketi aviache. Magadi tunayotia katika maharage na mlenda yana madhara yaleyale ya chumvi, nayo yaachwe. Pombe aiache kabisa, hata ile ya kuonja tu sherehe ya kipaimara. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, maana sumukuvu huleta saratani ya ini.

Wengine hutuuliza juu ya Kwaresima. Mgonjwa habanwi na sheria ya kufunga, wala Jumatano ya Majivu wala Ijumaa Kuu. Kwa mwenye magonjwa haya mawili kukaa na njaa ni hatari, na asijisikie kwamba amekosa. Akitaka kujinyima, ajinyime chumvi.

DAWA

Metformini huweza kuendelea kutumika ini likiwa daraja A na figo zikiwa nzima, lakini katika daraja C huachwa. Glibenklamidi huhitaji tahadhari kubwa. Wengi wenye ini lililoshindwa huhamishiwa kwenye insulini, kwa dozi ndogo inayobadilishwa mara kwa mara. Msiache wala kubadili dawa wenyewe. Leteni dawa zote mezani kwa daktari ili azione.

Wengine hupewa propranololi ili mishipa ya umio isipasuke. Ni dawa njema, lakini huficha kutetemeka na mapigo ya moyo ya mtu aliyeshukiwa na sukari. Jasho halifichwi, kwa hiyo likimtoka ghafla pimeni. Dawa za kukojoza hupunguza maji tumboni. Mgonjwa ajipime uzito, na akipungua zaidi ya nusu kilo kila siku amwambie daktari.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kutuliza maumivu huumiza figo na kuleta damu tumboni, asizinunue dukani. Parasetamoli huruhusiwa, lakini isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku. Dawa za usingizi zimpite mbali. Na mitishamba, hata ile inayosemwa kwamba husafisha ini, huingia kwenye ini lilelile lililochoka.

WAKATI WA KUKIMBIA HOSPITALI

Msingoje asubuhi mkiona haya: kutapika damu au choo cheusi, kuchanganyikiwa au usingizi usioamshika, homa au maumivu ya tumbo kwa mwenye maji tumboni, mkojo kupungua sana, sukari chini ya 4 inayorudia.

Hata asipoumwa, mwenye ini lililosinyaa apimwe kwa altrasaundi kila baada ya miezi sita ili saratani igunduliwe ikiwa bado ndogo.

NA WALE WENGINE NYUMBANI?

Mmoja akipatikana na virusi vya homa ya ini B, wote nyumbani wapimwe, pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Hapa Tanzania chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Asiye na virusi achanjwe mara tatu katika miezi sita. Virusi hivi havienei kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono. Huenea kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake.

Katika nyumba ya yule mama walipimwa watu saba, akapatikana mwanawe mmoja, yule aliyemleta kwa pikipiki. Ini lake bado zima, na anafuatiliwa kliniki. Mama mwenyewe sasa ana alama 6. Kila mwezi huja na daftari lake, na sukari ikiwa nzuri hatumpongezi tena kabla ya kumpapasa tumbo.